Kichujio Tupu

Alinivisha mashine saa kumi na mbili asubuhi,
Mwanjelwa bado imo ndani ya ukungu,
Loleza haionekani, mlima mzima umefichwa.
Pampu kiunoni, mpira mwembamba mgongoni,
mdomo wake umebanwa kwenye ukosi,
shubiri moja kutoka puani.
"Pumua kama kawaida, Mama Tusekile."
Jaribu wewe.
Ukishaambiwa kama kawaida, kawaida inakimbia.

Nikakata kamba ya belo.
Masweta ya watoto, gredi ya kwanza,
yamekandamizwa hadi kuwa tofali,
yakapumua kabla yangu:
harufu ya dawa, ya meli, ya kabati la mtu nisiyemjua.
Jua likapenya tundu la msumari kwenye bati,
likasimama mbele yangu kama fimbo,
na ndani ya fimbo
vitu vidogo vikipanda, vikishuka, bila haraka.
Miaka kumi na tisa naviona.
Nilidhani ndivyo mwanga ulivyofumwa.

Siku nzima pampu ikavuma kama nyuki kwenye chupa.
Wateja wakauliza: ni sukari? Ni moyo?
Anyandwile wa viatu akatangaza
nimefungwa kinasa sauti cha watu wa kodi,
na wawili wakalipa madeni bila kudaiwa.
Mchana nikawasha jiko kwa mfuko wa nailoni,
kama tunavyowasha sote,
kisha nikakumbuka kwamba kifua changu kinaandika.
Nikageuza shingo,
mtoto anayeficha daftari.

Jioni Ambwene akafungua kidude kwa koleo.
Duara jeupe la asubuhi, upana wa sarafu,
sasa rangi ya maziwa yaliyoungua.
"Hii ndiyo siku yako," akasema.
Nikaiangalia siku yangu.
Ingeenea kwenye ganda la kiberiti.

Wiki mbili baadaye akaleta picha za hadubini.
Nyuzi nyekundu, nyuzi za buluu,
vipande kama makombo ya kucha,
na uzi mmoja uliojikunja
kama unywele wa Lusubilo wangu,
anayelala adhuhuri juu ya rundo, mdomo wazi.
Kwenye misiba mchungaji hutukumbusha
kwamba tuliumbwa kwa udongo.
Nailoni hakuitaja.

"Na vipo vidogo zaidi," Ambwene akasema,
"hadubini hii haivioni.
Hivyo hatukuvihesabu.
Tunajua tu kwamba hatukuvihesabu."
Nikaipenda sentensi hiyo.
Ningeiandika juu ya daftari langu la mikopo.

Kisha akatoa picha ya mwisho, akasita.
Kumbe kulikuwa na kichujio cha pili,
ambacho hakikuvuta pumzi ya mtu.
Kilikaa kwenye kopo lake,
kikafunguliwa kidogo, kikafungwa,
kikarudi maabara
shahidi aliyeitwa ili aseme hakuona kitu.
Kilitakiwa kiwe tupu.
Kilikuwa na nyuzi sita za kijani.

Nikamtazama.
Sweta la kijani, lililochakaa kiwiko cha kushoto.
Nililiuza mwenyewe, baridi ya mwaka jana,
nikampunguzia mia tano kwa ajili ya kiwiko hicho.

Hatukucheka upesi.

"Itabidi nizitoe hizi sita kwenye hesabu yako."
Nikasema zitoe, baba.
Ila nilitaka kujua:
zikitolewa kwangu, zinaandikwa kwa nani?

Akashika ukosi wa sweta kwa vidole viwili,
kama mtu anayeshika sikio la mnyama wa jirani,
akavuta kidogo, akaachia.
Kitu kikapanda kwenye ile fimbo ya jua.

Lakini ilikuwa Juni, na Mbeya ni Mbeya.
Hakulivua.